Cheti cha Kalundu: Mwongozo wa Kugawa Idhini kwa Kompyuta Zilizo Mbalimbali

Mtu aliyepanga chumba Kigoma akaishiwa na umeme usiku hununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa simu yake, akaletewa ujumbe wenye tarakimu 20, akazibonyeza moja baada ya moja kwenye mita, na taa ikawaka. Ng'ambo yetu, katika mitaa ya Bujumbura, watu hufanya vivyo hivyo kwa Cash Power, na mazoea yamelifanya jambo hilo kuwa dogo hata hakuna anayelistaajabia. Walakini wewe, msomaji, unayesimamia kompyuta za duka, za chama cha wavuvi au za shirika hapa Uvira, na ambaye kila mtandao unapokatika huona kazi zimesimama na watu wamekukodolea macho, nakuomba usimame kidogo mbele ya mita ile na kujiuliza imejuaje kwamba mtu huyu amelipa.

Haikumwuliza mtu. Tarakimu zile zimebeba ndani yake kiasi cha umeme kilichonunuliwa na dakika ambayo zilitolewa, na vyote viwili vimefungwa kwa ufunguo wa siri ulio wa mita ile pekee, hata ukizipeleka kwa jirani mita yake itazikataa, na ukizirudia kwenye mita yako mwenyewe itazikataa pia, kwa kuwa inakumbuka kwamba zimekwisha tumika. Jina la mnunuzi halimo, wala mita haina haja nalo: aweza kubonyeza mwenye nyumba, au mpangaji, au mtoto aliyetumwa.

Kitu cha namna hii, ambacho kwa kukishika tu mtu hupata uwezo wa kutenda jambo fulani juu ya kitu fulani, bila ya kuulizwa yeye ni nani, ndicho nitakachokiita cheti katika mwongozo huu. Wana kompyuta wanakijua tangu 1966, Jack Dennis na Earl Van Horn walipokieleza katika chuo cha MIT huko Marekani, zama ambazo kompyuta moja ilianza kutumiwa na watu wengi kwa pamoja. Nao walikipa kwa lugha yao jina lenye maana ya uwezo. Mimi nimelichagua neno cheti kwa sababu Mswahili hulielewa bila ya kufasiriwa: ni karatasi ndogo yenye neno la mwenye mali, mjumbe akaipeleka dukani, akapewa kilichoandikwa humo na si zaidi.

Kinyume cha cheti ni daftari la majina, na hiyo ndiyo njia ambayo aghalabu tumefundishwa. Kila kitu, liwe faili au rundo la mali au hesabu ya benki, huwekewa daftari lenye majina ya walioidhinishwa. Mtu huja akajitambulisha kwa jina na neno la siri, mlinzi akafungua daftari, akamkubalia au akamkatalia. Katika nyumba moja yenye kompyuta moja njia hii haina kasoro kubwa. Lakini maadamu kompyuta moja iko bandarini Kalundu, nyingine Baraka, ya tatu Bujumbura, na daftari lenyewe limewekwa katika seva iliyo mbali na zote tatu, kila tendo dogo hulazimika kusafiri kwenda kuuliza na kungoja jibu. Na mtandao ukikatika, nao hukatika, mlinzi hubaki na mambo mawili ya kuchagua, ama amkatalie kila mtu ama amkubalie kila mtu. Nimeyaona yote mawili yakifanyika kwa zamu katika wiki moja. Wako wanaojaribu kuponya ugonjwa huu kwa kuweka nakala ya daftari katika kila kompyuta, na dawa hiyo huzaa ugonjwa mwingine, kwa kuwa nakala ya Baraka itaendelea kumheshimu mtu ambaye Uvira ilimfuta zamani.

Kuna jambo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na mtunza stoo wetu alikuwa na neno lake la siri, ambalo kwa haki lilikuwa lake peke yake, ila aliliandika kwenye kipande cha boksi la dawa ya mbu na kukilaza chini ya mashine ya kuhesabia, ili asipokuwapo, dereva au karani aweze kuandikisha mafuta yaliyotoka. Hatukuwa watu waovu. Kazi ilikuwa haingoji, na daftari la majina halikuwa na njia yoyote ya mtu kumtuma mwenzake kwa jambo moja. Siku moja zikaonekana lita 60 zimetolewa kwa jina la mtunza stoo, naye siku hiyo alikuwa Bukavu, na wote tuliokijua kile kipande cha boksi tulikuwa wanne, mmoja wetu akiwa amekwisha acha kazi. Daftari likaapa kwamba ni yeye. Alikatwa mshahara mzee wa watu, na mpaka leo sijui mwizi ni nani. Ndipo nilipofahamu kwamba wakubwa wanapopiga marufuku kugawana maneno ya siri, wanapiga marufuku jambo ambalo kazi yenyewe inalidai, na kwamba mtu asiyepewa na mfumo njia halali ya kutuma atatuma kwa njia ya haramu.

Kasoro ya pili ya daftari ni ya hila zaidi, na Norm Hardy aliisimulia mwaka 1988 kwa kisa cha kampuni ya Marekani iitwayo Tymshare, iliyokuwa ikikodisha muda wa kompyuta. Palikuwa na programu ya kutafsiri maandishi ya Fortran, nayo ilipewa idhini ya kuandika katika kabati moja la mfumo, ili iweke humo takwimu za matumizi yake. Mteja alipoiita, alikuwa na haki ya kuiambia jina la faili ambamo iandike matokeo ya kazi yake. Mteja mmoja akaitajia jina la faili lililokuwa katika kabati lile lile, faili la madeni ya wateja wote; na programu, kwa kuwa jina lake mwenyewe limo daftarini, ikaandika juu yake na kuyafuta madeni. Mteja hakuwa na idhini ya kuligusa faili lile, programu ndiyo iliyokuwa nayo, na haikuwa na njia ya kusema ni mamlaka ya nani inayotumia wakati huu, yake au ya aliyeituma. Ni mfano wa karani mwenye funguo zote za bohari anayeambiwa na mgeni, "Mzigo wangu niwekee katika chumba cha tatu," naye akafungua chumba cha tatu bila ya kuwaza kwamba mgeni hana haki nacho. Lau mteja angelazimika kutoa cheti cha faili badala ya kutaja jina lake, asingekuwa na la kutoa, kwa sababu katika cheti kulitaja jambo na kuwa na uwezo juu yake ni kitu kimoja. Ukiyasahau mengine yote ya mwongozo huu, usilisahau hili, na kila uonapo programu yako inapokea jina la kitu kutoka kwa mtu na kukifungua kwa mamlaka yake yenyewe, jua kwamba umesimama pale pale walipokuwa watu wa Tymshare.

Sasa tuingie kazini. Chukua mfanyabiashara wa saruji mwenye ghala, au depo kama tusemavyo hapa, mbili katika mji wetu, moja bandarini Kalundu na moja karibu na soko la Mulongwe, na mwakilishi wake yuko Baraka, kusini mwa mji huu kando ya ziwa. Kazi ya kwanza haihusu kompyuta hata kidogo: keti na mwenye mali, uandike vitu vyake ni vipi na kwa kila kitu ni matendo gani yanayotendwa juu yake, kwa ufupi uwezekanao. Katika depo ya Kalundu kuna kutoa mifuko, kuingiza mifuko, kusoma hesabu iliyopo, na kusahihisha hesabu iliyokosewa. Hayo ni manne, na usiyachanganye kwa ajili ya uvivu, kwa sababu mtu atakayepewa "depo ya Kalundu" kwa jumla atakuwa amepewa na kusahihisha, na anayeweza kusahihisha hesabu aweza kuiba bila ya kuonekana. Wana kompyuta Saltzer na Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila programu na kila mtu afanye kazi kwa mamlaka machache kabisa yanayoitosha kazi hiyo. Na mimi naongeza kwamba mamlaka machache hayapatikani ila kwa kuyakata vipande vidogo kwanza.

Hatua inayofuata ni kuandika cheti chenyewe. Hiki hapa kimoja, kama kitakavyokaa ndani ya kompyuta:

Kitu: depo ya Kalundu, rundo la saruji
Kitendo: kutoa
Namba ya cheti: K-7f20c1…
Sharti: jumla isizidi mifuko 40
Sharti: kabla ya tarehe 30 Juni, 16:00 UTC
Muhuri: 9b3e51d8…

Namba ya cheti itolewe na kompyuta kwa bahati nasibu, wala isiwe 1, 2, 3 kama risiti za sokoni, kwa kuwa anayeona risiti ya saba hujua kwamba kuna ya nane. Andrew Tanenbaum na wenzake huko Amsterdam, walipounda mfumo wao wa Amoeba katika miaka ya 1980, kila cheti walikipa biti 128: 48 za kuitambulisha seva inayokitunza kitu, 24 za kitu chenyewe, 8 za haki zilizotolewa, na 48 za kuthibitisha kwamba cheti ni cha kweli. Mwenye kubahatisha biti 48 anatafuta namba moja miongoni mwa zaidi ya trilioni 281, na kwa zama zile ilitosha. Kwa zama hizi ningekushauri sehemu ya kuthibitisha pekee isipungue biti 128.

Ama muhuri ndio moyo wa jambo lote, na katika kuueleza nitaazima mto wetu. Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwaka 1858 kwa mitumbwi wakitumaini kwamba Ruzizi hutoka katika Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, ili wapate chanzo cha Nile, na wenyeji wakawaambia kwamba mto huingia ziwani wala hautoki. Livingstone na Stanley wakaja mwaka 1871 wakashuhudia kwa macho kuwa ndivyo. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo katika kimo cha mita 1,460 hivi, hushuka karibu mita 700 mpaka Tanganyika, na hakuna hila ya kuyafanya maji yapande tena. Muhuri wa cheti hufanywa kwa hesabu ya namna hiyo, iteremkayo isipande. Kompyuta ya Kalundu ina ufunguo wa siri. Huuchanganya na kitu, kitendo na namba ya cheti kwa kanuni iitwayo HMAC, na hupatikana muhuri wa kwanza. Likija sharti la mifuko 40, muhuri ule wa kwanza hugeuka kuwa ufunguo, ukachanganywa na maneno ya sharti, ukapatikana muhuri wa pili, na wa kwanza ukatupwa. Likija sharti la tarehe, hufanyika vivyo hivyo. Anayepokea cheti hupewa muhuri wa mwisho tu. Naye aweza kuuteremsha tena kwa kuongeza sharti lake, lakini kuupandisha ili aondoe sharti lililokwisha tiwa hawezi, hata awe na kompyuta kubwa kuliko zote. Cheti kikirudi Kalundu, kompyuta huanza na ufunguo wake, huteremka sharti kwa sharti, na ikifika kwenye muhuri ule ule hukubali. Watafiti wa Google pamoja na wenzao waliutangaza mpango huu mwaka 2014 kwa jina la Macaroons, kwa mzaha, kwa sababu vivinjari vya intaneti hutumia vyeti vidogo ambavyo Wazungu huviita biskuti. Kanuni hizi usizitunge mwenyewe. Ziko maktaba za programu zilizoandikwa na kuchunguzwa na wengi, na aliyejitungia muhuri wake wa nyumbani, nionavyo, amejitungia mlango wa karatasi.

Tazama sasa faida yake. Mwakilishi wa Baraka, mama mmoja, amepewa cheti cha mifuko 40. Nahodha wa boti anakuja Uvira, na mama yule anataka alete mifuko 10 tu, keshokutwa. Hahitaji kumpigia mtu simu, wala kuomba jina la nahodha liingizwe daftarini, wala, Mungu apishie mbali, kumpa neno la siri: katika simu yake huongeza sharti la mifuko 10 na sharti la siku mbili, simu ikateremsha muhuri, ikatoa picha ya QR, nahodha akaipokea. Akifika bandarini, karani humwambia, "Papa, jina lako silioni huku." Naye hujibu, "Jina langu la nini, mwanangu? Nimetumwa na mama wa Baraka, soma hii." Karani huielekeza kamera, kompyuta ikahesabu mihuri pasipo mtandao wowote, na wapagazi wakaanza kuhesabu mifuko. Ile haja ya kutumana iliyotupeleka kwenye kipande cha boksi imepata njia yake halali, na zaidi ya hayo, kila aliyemtuma mwenzake ameacha alama ya sharti lake ndani ya cheti.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami nilijikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mifuko 40 ni hesabu inayopungua, na cheti chenyewe hakipungui. Ni maandishi tu, na maandishi hunakiliwa. Ukiiruhusu depo ya Kalundu na depo ya Mulongwe kukikubali cheti kile kile, na mtandao baina yao umekatika, itatoka mifuko 40 huku na mifuko 40 kule, na kila kompyuta itakuwa imesema kweli. Muhuri hauwezi kukuokoa katika hili, wala hakuna ufundi wa siri utakaokuokoa. Kitu kinachohesabiwa lazima kiwe na kwao, mahali pamoja panapokihesabu. Basi kama mwenye mali anataka mtu achukue popote, mgawie vyeti viwili, cha mifuko 20 kwa Kalundu na cha mifuko 20 kwa Mulongwe, uvumilie kwamba siku nyingine huku kutabaki na kule kutakwisha. LUKU ilikwisha liona jambo hili: tarakimu zako ni za mita moja, na mita hiyo ndiyo inayokumbuka kuwa zimetumika. Aidha, vyeti vyote vilivyozaliwa na cheti kimoja hubeba namba ya mzazi wao, na Kalundu ihesabu kwa namba hiyo, isije ikawa mama wa Baraka amewapa manahodha watatu mifuko 15 kila mmoja nawe ukatoa 45. Kila mtoto naye awe na namba yake ndogo, itiwe kama sharti, ili mifuko 10 ya nahodha isichukuliwe asubuhi na ikachukuliwa tena jioni.

Kisha kuna saa. Umeona kwamba katika cheti nimeandika 16:00 UTC, na sababu yake ni kwamba Uvira na Bujumbura ziko saa mbili mbele ya saa hiyo ya dunia na Kigoma iko saa tatu mbele, hata boti ikivuka ziwa hupoteza au kupata saa nzima. Andika saa ya dunia, na kila kompyuta ijifasirie yenyewe. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kompyuta nyingi za bei nafuu, betri yao ndogo ikifa na umeme ukakatika, huamka zikidhani ni tarehe 1 Januari 1970, na kwa kompyuta iliyo katika mwaka 1970 cheti kilichokwisha jana bado kina uhai wa zaidi ya nusu karne. Iamuru kompyuta yako iandike kila dakika chache saa ya mwisho iliyoiona, na ikiamka ikakuta saa imerudi nyuma, ikatae vyeti vyote vyenye muda mpaka mtu aisahihishe kwa mkono. Hata wenye LUKU walifikiwa na jambo la saa: mita za namna ile zilihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993 katika nafasi ya biti 24, yaani dakika 16,777,216, na nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, hata ikabidi kabla ya siku hiyo mita zibadilishwe ufunguo, nyumba kwa nyumba, kwa tarakimu maalumu ambazo wateja wenyewe walizibonyeza. Ukichagua namna ya kuandika tarehe, ichague kwa kuwaza kwamba mfumo wako utaishi kuliko ajira yako.

Swali ambalo mwenye mali atakuuliza kabla ya yote ni hili: nikikitoa cheti, nitakirudishaje? Ujibu kabla hujakitoa, kwa maana baada ya kukitoa umechelewa. Pale mtandao ulipo, dawa nzuri ni ile aliyoieleza David Redell mwaka 1974: usimpe mtu cheti cha kitu chenyewe, mpe cheti cha wakala, yaani programu ndogo iliyosimama mbele ya kitu, ambayo kazi yake ni kupokea ombi na kulipeleka ndani, siku ukitaka kumnyima humfuati yeye wala hutafuti nakala ziliko, unamwambia wakala anyamaze, na wote waliopata cheti kwa mkono wa mtu huyo hunyamaziwa pamoja naye. Pale mtandao usipotegemewa, fupisha muda wa cheti, na namba za vyeti vilivyobatilishwa zisafiri kwa boti na pikipiki ndani ya flash, pamoja na mizigo. Baina ya siku uliyobatilisha na siku habari ilipofika kuna mwanya, na mwanya huo hauzibiki. Unachoweza ni kuupima. Jiulize: mtu mbaya akibaki na cheti hiki kwa siku tatu, nitapoteza nini? Ukiona ni mifuko 10 ya saruji nawe waweza kuistahimili, lala usingizi. Ukiona ni depo nzima, cheti hicho ulikikata kipana mno.

Kuhusu kuvuja, sina budi kukuambia kwamba wanaokiponza cheti ni marafiki kuliko majambazi. Picha ya QR hutumwa katika kundi la WhatsApp lenye watu 80 kwa nia njema kabisa. Cheti kikiwekwa ndani ya anwani ya ukurasa wa intaneti, kama zile anwani za nyaraka ambazo yeyote mwenye kiungo hufungua, hubaki katika kumbukumbu za kivinjari, na programu zenye tabia ya kuandika kila zilichoombwa hukinakili kizima katika faili la kumbukumbu. Ziamuru ziandike namba na kuuacha muhuri. Kwa mali kubwa tia sharti la kumfunga mshikaji, kwamba mleta cheti athibitishe kwa ufunguo ulio ndani ya simu fulani kuwa ndiye aliyepewa. Tofauti yake na cheti cha kawaida ni ile iliyopo pale mpakani Kavimvira baina ya tiketi ya gari, ambayo anayeishika ndiye anayepanda, na laissez-passer, hati ya kuvukia mpaka ya CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, yenye picha ya mwenyewe. Usimfunge kila mtu kwa kila jambo, maana utakuwa umerudi kwenye daftari kwa mlango wa nyuma, na nahodha aliyeugua njiani hataweza kumtuma mdogo wake.

Ufunguo wa siri wa Kalundu uwe wa Kalundu peke yake, na wa Mulongwe uwe mwingine, ili mwizi aliyebeba kompyuta ya depo moja asiweze kujitengenezea vyeti vya nyingine. Nakala ya ufunguo ihifadhiwe mahali pa juu, nje ya bonde la mto: mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba za mji huu, na mto hauulizi ni kompyuta gani iliyokuwa na ufunguo.

Jambo moja daftari la majina linalifanya vizuri kuliko vyeti, nami sitalificha. Mkaguzi akija akauliza ni nani na nani wenye uwezo wa kutoa saruji Kalundu, mwenye daftari hufungua ukurasa akasoma. Mwenye vyeti hujikuna kichwa, kwa kuwa vyeti viko mifukoni mwa watu na baadhi yao wamekwisha wagawia wengine. Kwa hiyo weka kitabu cha kutolea, chenye kila cheti cha kwanza, aliyekipokea, sababu na siku ya kufa kwake, na umtambue mtu kwa jina na uso wake siku ile ya kumpa. Baada ya hapo kiache cheti kifanye kazi. Mkaguzi hatapata orodha ya wote walioshika, atapata orodha ya waliopewa dhamana na ukomo wa hasara iwezayo kutokea, na ukimweleza kwa utulivu, pengine kwa kikombe cha chai, aghalabu huridhika.

Anza na kitu kimoja, kile ambacho neno lake la siri linajulikana na watu wengi kuliko wanavyokiri, na uache mengine yabaki yalivyo kwa mwezi mzima huku ukitazama watu wanatumiaje vyeti vyao. Na kama mtandao wako wote ni kompyuta mbili katika chumba kimoja, na watumishi watatu mnaoonana kila asubuhi, achana na vyeti: daftari la majina lakutosha, mradi aliyeacha kazi afutwe siku ile ile.